Fundi Bomba Aliyegombea Udiwani

Wote walimwita Spana. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa, na siku karani wa uchaguzi alipolisoma kwa sauti pale ofisini, yeye mwenyewe aligeuka nyuma kuangalia anayeitwa ni nani. Miaka ishirini na sita ya kuzibua sinki za watu, kubadilisha koki, kukata na kuunga mabomba, jina gani lingesalimika? Alikuwa mtu mrefu, lakini ukimwona barabarani usingesema. Kazi ya kuingia chini ya masinki ilikuwa imemkunja. Alitembea ameinama, macho chini, kama mtu aliyedondosha funguo, na alichokuwa anatafuta ni unyevu. Akiona udongo umelowa mahali ambapo mvua haijanyesha, miguu ilisimama yenyewe.

Sasa sikilizeni kichekesho, ingawa mimi sijawahi kukicheka. Nyumbani kwa fundi huyu hapakuwa na maji.

Bomba la mji lilitoka kwenye tangi kule kileleni, likapita mitaa ya juu, likapita mtaa wa kati, na njia nzima kila nyumba ililinyonya ilivyotaka. Lilikuwa bomba la zamani, jembamba, limejaa kutu. Ukilikata unakuta tundu la kupitisha kidole gumba, basi. Likifika kwenye ngazi za saruji zinazoteremka mtaa wa chini, hamna kitu. Linakohoa, linatoa hewa, linanyamaza. Mtaa wa chini ndiko alikokaa Spana. Ngazi zilikuwa sabini na mbili, na mke wake alizijua moja moja kwa magoti. Kila asubuhi alipanda na ndoo tupu mpaka kwenye bomba la wote la mtaa wa kati, akapanga foleni, akateremka na ndoo mbili, moja kichwani na nyingine mkononi. Mara nne kwa siku. Siku ya kufua, mara sita. Hiyo ni miaka kumi na tisa, jamani, si miezi.

"Fundi bomba gani wewe," alikuwa akimtania zamani, ndoa ikiwa bado changa. Baadaye aliuacha utani huo. Jioni alikaa kitandani akijichua magoti kwa dawa yenye harufu kali, kimya, na kule kunyamaza kulimchoma mumewe kuliko angetukanwa.

Mambo yenyewe yalianzia chooni. Baraza la mji lilikuwa na choo nyuma ya ukumbi wa mikutano, na tangi lake lilikuwa linavuja mchana kutwa. Wakamwita Spana. Ukuta uliotenga choo na ukumbi ulikuwa wa mbao nyembamba, hata mtu akijikuna upande wa pili unasikia. Siku hiyo madiwani walikuwa wanapitia miradi. Spana amepiga magoti, mkono umezama tangini mpaka kwenye kiwiko, akasikia mwenyekiti anasoma: bomba jipya, pana, kutoka tangi la kileleni mpaka mtaa wa chini, linapangwa mwaka wa tatu sasa, lijengwe au liahirishwe?

Akasikia sauti ya diwani wa kata yake. Huyu watu walimwita Mheshimiwa hata kabla hajachaguliwa mara ya kwanza, kwa ajili ya kitambi tu na mwendo wake wa pole.

"Liahirishwe," Mheshimiwa akasema. "Kata yangu haina malalamiko, ndugu mwenyekiti. Bomba likipasuka asubuhi, mchana limeshafungwa. Wale wana fundi wao."

Wakacheka, wakahamia mradi mwingine.

Spana akabaki pale pale na boya la tangi mkononi. Miaka yote alijiona anawasaidia watu. Kumbe kila kiraka alichokitia kwenye lile bomba bovu kilikuwa kinampa Mheshimiwa sababu ya kutolibadilisha. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inampandisha mke wake ngazi! Hasira ilimshika mpaka masikio yakawa ya moto. Alitaka kuingia ukumbini na mikono inavyochuruzika maji, awapasulie ukweli. Lakini boya lilikuwa halijafungwa. Basi akalifunga, akavuta maji mara mbili kujaribu, akapangusa sakafu, na alipotoka ukumbi ulikuwa mtupu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hilo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Jioni akamwambia mke wake, "Nagombea udiwani."

"Una homa?"

"Sina homa. Nikipita, nalileta lile bomba. Maji yatafika hapa mlangoni. Hapo hapo unapokanyaga."

Mke wake aliuangalia mguu wake uliokuwa kizingitini, kisha akamwangalia yeye. Hakucheka. "Basi gombea," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kutumaini.

Kampeni ilikuwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi, ambaye alimfundisha Spana kusoma na sasa alijipa kazi ya kumfundisha kugombea. Wa pili ni Mama Mapacha wa mtaa wa kati, rafiki wa mke wake, mwanamke wa kicheko kikubwa ambaye nyumba yake ilipakana na lile bomba la wote. "Shemeji, kina mama niachie mimi," alisema akijipiga kifua. "Wewe vaa koti, basi."

Koti likapatikana, la kijivu, la mtumba, likapunguzwa mikono. Mwalimu akamsimamisha mbele ya kioo cha kabati. "Ndugu mgombea, inua kichwa. Mgombea haangalii chini. Ukiangalia chini watu wanaona unaficha kitu." Siku za kwanza mgongo ulimuuma kama amebebeshwa gunia. Wiki ya pili ukazoea. Akawa anasimama mbele ya kioo asubuhi, peke yake, anasema, "Ndugu zangu wa kata hii," na mabega yanarudi nyuma, na shingo inatoka kwenye kola. Alijipenda, kwa nini tumfiche? Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, mara ya kwanza anajiona mzima kwenye kioo.

Mwalimu alipiga hesabu: nyumba thelathini kwa siku, dakika kumi kila nyumba, wiki tano, kata nzima imekwisha. Nyumba ya kwanza walikaribishwa vizuri, wakapewa viti. Spana akasimama, kichwa juu. "Ndugu zangu, nimekuja mbele yenu..."

Tone. Kutoka jikoni.

"...nimekuja mbele yenu kuomba..."

Tone.

Akanyamaza. Kichwa kikainama upande kidogo kidogo. "Hiyo koki," akamuuliza mwenye nyumba, "ina muda gani?"

Koti likavuliwa. Saa nzima ikaishia jikoni. Nyumba ya pili ilikuwa tangi la choo. Nyumba ya tatu bomba la bafuni lilikuwa limeoza ukutani, na jua likawazamia hapo hapo. Mwalimu alikuwa nje, daftari mkononi, amefura.

"Ndugu mgombea, hivi tumetoka kuomba kura au kutafuta vibarua?"

"Mwalimu, si ndizo kura zenyewe hizi? Mtu nimemfungia koki leo, wiki tano zijazo atanisahau?"

Habari ikaenea haraka. Mgombea anapita majumbani, na mgombea hadai hata senti, kwani atamdaije mtu anayemwomba kura? Watu wakaanza kumtafuta wenyewe. Wengine walikuwa na koki mbovu tangu mwaka juzi, sasa wakazikumbuka. Spana alipita kata nzima akiwa chali chini ya masinki, na hotuba yake watu waliisikia ikitoka kabatini pamoja na milio ya vyuma. Bibi mmoja wa mtaa wa juu, Spana alipomaliza kumtengenezea bafu, alimshika mikono yote miwili. "Mungu akuweke, mwanangu," akamwambia, machozi yanamlengalenga. "Usije ukatuacha, eti?"

"Siwaachi, bibi," Spana akajibu, na akamwambia Mwalimu aandike alama ya vema.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, ukaitishwa mkutano mkubwa kwenye uwanja wa shule, wagombea wote wawili waongee. Mheshimiwa alikuja na spika nne na fulana za kugawa. Spana alikuja na kipande cha bomba la zamani alichokikata mwenyewe, ili awaonyeshe watu kutu.

Akasema ukweli mtupu. Hapo ndipo wenye akili walipoona amekwisha. Mgombea mwingine angesema maji yatakuja, akashuka. Spana aliwaeleza upana wa bomba na nguvu ya maji. Akasema barabara itachimbwa miezi minane, vumbi litakuwepo, na nyumba zilizojenga uzio juu ya njia ya bomba itabidi zivunje. Akasema mitaa ya juu itapungukiwa maji kidogo mwanzoni, mpaka mambo yakae sawa. Mwalimu alifunika uso kwa daftari. Mtu mmoja mbele akapiga mwayo mrefu bila hata kuziba mdomo. Watu waliozoea kuahidiwa mwezi, leo wanaahidiwa vumbi!

Kisha akapanda Mheshimiwa. Spana alijiandaa kutukanwa. Alikuwa ameshauma meno. Lakini Mheshimiwa alimfuata alipokaa, akamsimamisha, akauinua mkono wake hewani.

"Mnauona mkono huu?" akasema kwenye spika. "Mimi siwezi kumsema vibaya huyu bwana. Kwangu nyumbani bomba haligusi mtu mwingine. Kata hii ina fundi mmoja, na ni huyu. Jamani, Mungu atuwekee fundi wetu!"

"Amina!" uwanja mzima ukaitika. Vigelegele. Watu wakasimama. Hata pale Spana alipoongea mwenyewe hawakusimama hivyo.

Spana alitabasamu kama bwana harusi. Wakati wa kurudi alikuwa bado anatabasamu. "Umesikia, Mwalimu? Hata mpinzani wangu amekubali."

"Umevishwa kilemba cha ukoka," Mwalimu akasema, "na wewe mwenyewe umekikaza kichwani."

Spana akamwona mzee amechoka na jua. Kitu kimoja tu kilimsumbua siku ile: wakati watu wanashangilia, alimtafuta mke wake kwenye kundi la kina mama, akamwona hapigi makofi. Akadhani ni magoti.

Siku ya kura alikuwa mtu wa kwanza kufika. Alisimama mbali na kituo kama sheria inavyotaka, koti limepigwa pasi, na watu waliokuwa wanapita kwenda kwenye foleni walimshika mkono mmoja mmoja. "Tuko pamoja, Spana." "Hatukuachi, Spana." Waliokataa kumsalimia hawakuwepo. Mama Mapacha alimkumbatia kabisa mbele za watu.

Jioni matokeo yakabandikwa kwenye mlango wa darasa la nne. Spana aliyasoma kwa kidole, akarudia, akarudia tena. Mheshimiwa, kura elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Yeye, mia moja arobaini na nane.

Mia moja arobaini na nane! Mwalimu alikuwa na daftari lenye alama za vema kurasa kumi na moja. Hesabu haikuhitaji msomi: koki alizozifunga kwenye kampeni zilikuwa nyingi kuliko kura. Mwalimu alilifunga daftari, akalitia kwapani, akasema, "Basi," na akaenda kwake bila kuaga. Spana akavua koti akalitundika mkononi. Akateremka zile ngazi polepole, na walioketi vibarazani walimwona macho yameshaanza kutafuta unyevu.

Asubuhi yake, hata chai hajanywa, simu ikaita. Mama Mapacha. "Shemeji, pole na shughuli. Sinki langu limeachia, jikoni kwangu ni bwawa. Njoo, baba."

Pole na shughuli. Basi, hivyo tu, kama vile alikuwa amefiwa na jirani wa mbali. Alikaa na ile simu mkononi. Kisha akachukua mfuko wake wa kazi, akapanda shingo upande.

Akaingia chini ya sinki, chali, miguu imebaki nje. Kiungio kilikuwa kimelegea, mpira umekatika, kazi ya dakika ishirini. Mama Mapacha alivuta kigoda akakaa karibu na miguu yake, anachambua maharage.

"Usinune, shemeji."

"Sijanuna."

"Umenuna. Nakuona mpaka miguu imenuna." Akacheka, kisha akaacha. "Kwani unadhani hatukupendi? Tunakupenda kupita kiasi. Ndiyo shida yenyewe."

"Shida ipi?"

"Ah, si ile siku ya mkutano? Tulirudi tukakaa pale bombani, kina mama wote. Mmoja akasema, jamani, huyu akishakuwa mheshimiwa, leo yuko kikaoni, kesho yuko kwenye semina, koti shingoni, bomba likipasuka tutamwita nani? Tukatazamana. Kweli! Nani? Mafundi wa huko nje ni wezi, wewe mwenyewe unawajua, anafunga leo, kesho linavuja, anakuja kula tena. Na yule Mheshimiwa, niambie, ana kazi gani? Hana. Akae kule barazani asinzie, hapungukiwi mtu. Lakini wewe? Tukakubaliana, fundi wetu tusimtoe. Wanaume zetu tukawaambia, wakaona ni kweli. Hakuna aliyebisha, shemeji. Ungesikia tulivyokuwa tunakusifu pale, ungelia."

 Tone moja lilimdondokea Spana shavuni.

"Na wewe?" akauliza. "Na vile vigelegele vyako vyote?"

"Vigelegele nilipiga kwa moyo mmoja, haki ya Mungu. Lakini kura ni kitu kingine, shemeji. Kura mtu anaangalia nyumba yake."

"Mke wangu alikuwepo?"

Maharage yakaacha kudondoka kwenye sufuria.

"Alikuwa anangoja ndoo yake ijae," Mama Mapacha akasema.

Spana alikuwa ameshika kiungio mkononi. Wazo likamjia: kiache. Kiweke hivi hivi, kikae kama kimekaza, toka, sema tayari, nenda zako. Kitavuja ndani kwa ndani, kabati lioze, sakafu ivimbe, waone. Wote waone. Alilitamani jambo hilo kwa uchungu. Lakini vidole vilikuwa vimeshaanza kuzungusha utepe mweupe kwenye nyuzi za bomba, mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, kama vilivyozoea. Akatia mpira mpya, akakaza. Akatoka, akafungua koki, akapitisha kidole chini ya kiungio. Pakavu.

Mama Mapacha akapiga makofi, macho yanang'aa. "Unaona, shemeji? Unaona sasa? Ungekuwa diwani ungekuja?"

Na hakuwa anamcheka, afadhali angekuwa anamcheka. Alikuwa anafurahi kutoka moyoni. Alimmiminia chai, Spana akaiacha mezani ikipoa.

Kwenye ngazi alimkuta mke wake anateremka na ndoo mbili. Akampokea zote, wakashuka. Alipozitua ndani ndipo akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Wiki tatu nazunguka na jua, nasimama kwenye milango ya watu, na wewe unajua?"

Mke wake alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kujichua magoti, hata dawa hakuchukua. "Siku ile nilirudi na ndoo nimeshaamua nikwambie. Nikafungua mlango, nikakukuta mbele ya kioo. Umenyooka. Miaka yote nimekaa na wewe sikujua kama wewe ni mrefu vile." Akahamia goti la pili. "Nikasema, acha anyooke. Hata kama ni wiki tatu."

Spana alitaka kukasirika, hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, na huzuni, na kitu kingine ambacho kilimfanya aangalie pembeni.

"Na kura yako?"

"Unaniuliza mimi swali hilo?" Sasa machozi yalimtoka. "Mimi ni mmoja wa hao mia na arobaini na nane wako. Na pale bombani niliwaambia, nisikilizeni, na magoti yangu je? Mimi nitapanda hizi ngazi mpaka lini? Wakasema nisijali, watakuwa wananipisha kwenye foleni."

"Wamekupisha?"

"Leo asubuhi? Nani?" Akajifuta uso kwa kanga. "Nilikuwa wa kumi na nne."

 Spana akatoa kigoda, akakaa kwenye kizingiti, mfuko wa kazi miguuni. Alikaa hapo mpaka jua likawa kichwani.

Kama saa saba hivi, ukasikika mlio kutoka juu, mlio anaoujua hata akiwa usingizini: bomba kubwa limeachia. Mara sauti. "Spana! Limepasuka! Limepasuka hapa bombani!" Mlango ukabamizwa. Mtu mwingine akaita, "Mwiteni Spana!" Simu ikaanza. Mama Mapacha. Ikakatika, ikaita tena. Yule bibi wa mtaa wa juu. Kisha Mheshimiwa mwenyewe, ambaye siku hiyo alikuwa na wageni wa kumpongeza na koki zake zote zilikuwa zimekauka. Spana aliliangalia lile jina mpaka mlio ukaisha. Akaigeuza simu kifudifudi.

"Hutoki?" mke wake akauliza.

"Wana diwani wao."

Maji yakaja. Mwanzo yalikuwa ya tope, membamba, yanashuka ngazi moja moja na takataka za mtaa wa kati mbele yake. Yakaongezeka. Yakawa yanaruka ngazi mbili mbili, yanazisugua, tope likaisha, na nyuma yake yakaja meupe. Yakakata kona pale chini, yakafuata mteremko, yakafika mlangoni kwa Spana. Yakagusa mguu wa mke wake pale pale kizingitini alipokuwa amesimama siku ile.

Aliuangalia mguu wake. "Hapa hapa," akasema. "Uliniahidi."

Basi akaingia ndani mbio, akasahau magoti. Akatoka na kipande cha bati, akakikunja, akakiweka chini ya ngazi ya mwisho kama mfereji, akatega ndoo. Ikajaa. Akaimimina kwenye pipa, akatega tena. Majirani wa mtaa wa chini nao wakatoka, na ndoo, na sufuria, na mabeseni ya kuogea watoto, na mtu hakumngoja mtu. Pipa la kwanza likajaa. La pili likajaa.

Huko juu sauti zilikuwa zimebadilika. "Spana! Fundi gani wewe? Tumekukosea nini?" Aliwasikia wote, akawatambua mmoja mmoja. Lakini kilichomtesa ni yale maji, maji mazuri yanapotea, na mkono wake ulikuwa umeshashika mfuko wa kazi bila yeye kuuamuru. Akasimama. Akautia mfuko begani, mgongo ukakunjika chini yake kama kawaida, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Bado pipa moja," mke wake akasema.

Spana akarudi akakaa.